Juni 25: Twendeni kama majirani, bendera zibaki stoo

*KUTOKA MEZA YA KATIBU WA TAWI*
*Kwa wanachama wote. Tafadhali msomee na mwenzako asiye na simu ya intaneti.*



Tangu wiki iliyopita simu yangu haijapumzika. Wanachama wanauliza kama tawi litachapisha tishati za Juni 25, kama bendera zitatolewa stoo, na kama tutakodi matatu za kupeleka watu mjini. Wengine wamekwisha kuchanga. Upande wa pili, vijana wa mtaa, na baadhi yao ni watoto wetu wa kuzaa, wametuma ujumbe kwamba hawataki kuona rangi ya chama chochote siku hiyo.

Jambo hili litaamuliwa kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Kabla ya hapo naomba kutoa maoni yangu. Ni yangu mimi, kamati haijaamua lolote.

Naona twende, tena kwa wingi, lakini bila tishati, bila bendera na bila spika ya chama. Pesa zilizochangwa zifanye kazi nitakayoitaja hapa chini. Najua wapo watakaosema huu ni woga, na wapo watakaosema katibu anataka kuua chama. Nawaomba msome hadi mwisho kwanza, kisha Jumapili mnipinge.

*Tuliyoyaona kwetu*

Mwanachama wa tawi hili aliyevuka miaka hamsini ameona watu wakiinuka dhidi ya serikali ya mabavu zaidi ya mara moja. Wazee wetu wanaikumbuka Kenya ya chama kimoja. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee kwa sheria. Mwaka 1988 tukapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na mahali pengine mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi mchana kweupe, watu wakitazama.

Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Mwanzoni mwa Julai waliwekwa kizuizini, na Raila Odinga naye akachukuliwa. Mkutano uliopangwa Kamukunji, Nairobi, ukapigwa marufuku. Watu walikwenda hata hivyo, tarehe 7 Julai, ndiyo Saba Saba. Viongozi waliouitisha walikuwa ndani. Polisi walifyatua risasi, ghasia zikaenea kwa siku kadhaa, watu wakauawa na mamia wakakamatwa. Waliotoka siku ile waliitwa wahuni.

Haikutimia miaka miwili. Mawakili, viongozi wa dini, wanasiasa wa FORD na raia wa kawaida waliendelea kusukuma, na Novemba 1991 wafadhili wa nje wakasimamisha misaada. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Hapa kwetu Mombasa, mwaka uliofuata, IPK iliponyimwa usajili, mitaa yetu iliwaka. Wapo kwenye kundi hili waliokimbizana na polisi siku zile na bado wana makovu.

Basi umma ulikuwa umefanya kazi yake. Je, vyama?

FORD ilipasuka kabla ya uchaguzi. Matiba akaenda na FORD-Asili, Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Kenya, na Mwai Kibaki alikuwa na DP yake. Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa, naye akarudi Ikulu. Ni kweli kulikuwa na hila, vitisho na mapigano ya kikabila yaliyochochewa. Lakini hesabu ya kura zile inatuhukumu pia sisi watu wa vyama. Kilichopatikana kwa damu ya Saba Saba kilikaa miaka kumi kikingoja, hadi 2002, upinzani ulipoungana nyuma ya mgombea mmoja.

Katika mwaka huo huo wa 1992 kulikuwa na kundi dogo lililofanya kazi tofauti. Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakagoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi waliwapiga. Baadhi ya mama wale walivua nguo mbele ya polisi, laana ambayo kila Mkenya aliielewa. Kisha wakahamia kanisa la All Saints na kukaa humo kwa muda wa kama mwaka mzima. Watoto wao wakaachiliwa, kidogo kidogo. Hawakuwa na bendera wala wagombea. Walikuwa na orodha ya majina, na hawakuondoka hadi majina yale yaliposhughulikiwa.

*Tuliyoyaona Sudan*

Sudan ilipakana na Kenya hadi Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011. Naitaja kwa sababu yaliyotokea kule tuliyafuatilia wengi wetu kwenye simu, usiku hadi usiku, na yana somo kubwa kwa tawi kama letu.

Omar al-Bashir alichukua nchi kwa mapinduzi mwaka 1989. Desemba 2018 bei ya mkate ilipanda mara tatu, kutoka pauni moja hadi tatu. Tarehe 19 watu wa Atbara, mji wa reli wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi, waliingia barabarani na kuichoma ofisi ya chama tawala. Moto ukaenea. Chama cha Wataalamu, yaani madaktari, walimu, mawakili na wenzao, kikawa kinatangaza siku na njia za maandamano. Lakini waliobeba kazi yenyewe walikuwa kamati za mitaa. Vijana na akina mama wa mtaa mmoja, wanaojuana kwa majina, walijua ni nyumba ipi itamficha aliyekimbia, ni nani muuguzi, na uchochoro upi unatokea wapi. Mara nyingi maandamano yalianza saa saba mchana kwa vigelegele vya mwanamke mmoja.

Aprili 6, 2019, siku ya kumbukumbu ya kuanguka kwa Nimeiri mwaka 1985, maelfu walifika makao makuu ya jeshi Khartoum wakapiga kambi. Siku tano baadaye Bashir hakuwa rais tena.

Bashir aliondoka, majenerali wake wakabaki. Juni 3, siku za mwisho za Ramadhani, wanajeshi waliivamia kambi ile. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, wengine wakatupwa katika mto Nile, na intaneti ikakatwa kwa wiki kadhaa. Hata hapo watu hawakurudi nyuma. Juni 30 walijaza barabara tena, bila intaneti, kwa sababu kamati za mitaa zilipita nyumba hadi nyumba. Agosti ukafikiwa mkataba wa kugawana madaraka kati ya raia na jeshi, na Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu. Oktoba 25, 2021, jeshi likapindua. Aprili 15, 2023, majenerali wawili waliokuwa washirika katika mapinduzi yale wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na mamilioni ya watu wakayakimbia makazi yao.

Wapo wanaosema, "Mnaona? Hayo ndiyo mavuno ya maandamano." Nakataa. Vita vya Sudan vililetwa na wenye bunduki waliokataa kuachia. Wale vijana wa kamati za mitaa walifanya nini vita vilipoanza? Walifungua Vyumba vya Dharura. Wakapika majungu ya chakula cha wote, wakatafuta dawa, wakahamisha wagonjwa katikati ya risasi, mahali ambapo serikali haikuwepo na mashirika makubwa hayakufika. Watu wale wale waliopanga maandamano ndio waliolisha mtaa.

Palipoharibika ni pengine. Mazungumzo ya kugawana madaraka yalifanyika mezani, mbali na mitaa. Waliokaa na majenerali walikuwa wanasiasa wa muungano wa upinzani, na kamati zilizobeba mapinduzi zilipelekewa habari yakiwa yamekwisha. Nguvu ilikuwa mtaani, kalamu ikawa kwingine.

*Tuliyoyaona Juni 2024*

Sasa turudi nyumbani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa, vijana hawakuingoja ofisi ya chama chochote. Waliusoma wenyewe, wakautafsiri kwa lugha zetu, wakaueleza kwa video za dakika mbili. Hapa Mombasa waliteremka mjini wakiwa na makuti mikononi na vuvuzela midomoni. Niliwaona. Wengi niliwajua tangu wakiwa madrasa na Sunday school. Hakuna aliyewalipa nauli.

Juni 25 Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Julai 11 akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Tuseme ukweli: vijana wasio na chama walifanya katika wiki mbili jambo ambalo vyama havikulifanya kwa miaka.

Gharama yake tunaijua. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 na makumi ya watu waliotekwa. Mwaka 2025, siku ya kumbukumbu na siku ya Saba Saba, watu waliuawa tena.

Kisha nini? Mwezi haujakwisha tangu baraza kuvunjwa, vigogo wanne wa chama kikubwa cha upinzani waliteuliwa mawaziri katika serikali ile ile. Desemba 2024 baadhi ya tozo zilizokuwa kwenye mswada ule zikarudi kwa sheria nyingine. Kijana aliyemzika rafiki yake Juni aliyaona haya yote kabla ya Krismasi. Leo akiona tishati ya chama, chama chochote, anaona mtu aliyekuja kuchukua kiti kwa mgongo wa maiti.

Unaweza kusema chama chetu si hicho. Vizuri. Lakini kijana yule hana namna ya kututofautisha kwa tishati. Atatutofautisha kwa tunachofanya Juni 26, na Septemba, na Januari, siku ambazo hakuna kamera.

*Hoja mbili ninazozisikia*

Ya kwanza: "Katibu, bila vyama, nani atayapeleka haya kwenye kura?" Hoja hii ni nzito, nami nakubaliana nayo nusu. Umati hausimami kwenye kituo cha kupigia kura hadi usiku ukilinda fomu. Umati hauwasilishi kesi. Saba Saba ilifungua mlango, lakini aliyetakiwa kuingia na kupanga nyumba alikuwa chama. Mimi ni mtu wa chama na nitakufa mtu wa chama. Ninachosema ni kwamba kazi hiyo hatupewi kwa kuwa tuna cheti cha usajili. Tutapewa na watu wakituamini, na imani hiyo hatuwezi kuichapisha kwenye kitambaa kwa wiki moja.

Ya pili: "Tusipoonekana, tutaitwa waoga au wasaliti." Ndugu zangu, nani anasema tusionekane? Tutakuwa pale pale, wazee mbele, akina mama katikati, kila mtu na kitambulisho chake na chupa ya maji. Watakaotujua watatujua kwa sura. Na lipo jambo la usalama. Bendera ya chama ikitokea, kesho itasemwa maandamano yamefadhiliwa na wanasiasa, na kijana atakayekamatwa karibu nayo atabebeshwa kesi ya wakubwa. Hatuna haki ya kumwekea mtoto wa mtu mzigo huo bila idhini yake.

*Ninachopendekeza*

Jumapili nitaleta mapendekezo matano. Yapigiwe kura moja moja, kwa mikono.

*1.* Juni 25 twende bila rangi. Katiba, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Haki hiyo ni ya mtu, haihitaji kadi ya chama. Atakayebeba jiwe, atakayegusa duka la mtu, huyo si wetu, na tutasema hivyo hadharani.

*2.* Pesa za tishati ziwe mfuko wa siku hiyo na siku zinazofuata: nauli ya kwenda vituo vya polisi, chakula cha waliokamatwa, bili ndogo za hospitali. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata, na ana haki ya kuwasiliana na wakili. Wanachama sita, wawili wawili, wapangwe kwenye vituo. Kazi yao ni kuandika majina, saa na kituo. Mama wale wa 1992 walitufundisha kwamba jina lililoandikwa ni vigumu kupotea. Mfuko huu usibague: akamatwe wa chama chetu, wa chama kingine, au asiye na chama, ni mtoto wa mtaa.

*3.* Tuwatembelee waliofiwa na waliojeruhiwa tangu 2024 katika wadi yetu. Tusiende na mpiga picha. Tuwaulize wanahitaji nini na kesi yao imefika wapi, kisha tuwarudie mwezi ujao na mwezi unaofuata.

*4.* Kuanzia Juni 26, kila mwanachama achukue vijana watano wasioandikishwa. Kitambulisho kimekuwa kilio cha Pwani miaka mingi. Tuwasindikize kwa chifu, tuwasindikize ofisi ya usajili, kisha IEBC. Tusiwaulize watampigia nani. Na tuanze sasa kuwafunza mawakala wetu wa Agosti 2027 maana ya Fomu 34A, na kwa nini wakala haondoki kituoni bila nakala yake. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya namna matokeo yalivyopelekwa na kujumlishwa. Karatasi ile ndogo ina uzito kuliko mkutano wa uwanja mzima.

*5.* Tusafishe nyumbani. Tunailaumu serikali kwa kukaa bila kuulizwa, na hapa kwetu hesabu za ada mara ya mwisho zilisomwa lini? Viti vya vijana na wanawake kwenye kamati vimejazwa kwa kura au kwa simu? Napendekeza hesabu zisomwe Jumapili hii, na uchaguzi wa tawi ufanyike kabla ya mwaka kwisha, kiti changu kikiwemo. Kijana akija kututazama, akute kwetu kile tunachokidai kule.

*Neno la mwisho*

Kwa Kiswahili, shahidi ni yule aliyeona na anaweza kusimulia. Shahidi pia ni yule aliyekufa akiitetea haki. Sisi tuliobaki hai ni wa maana ya kwanza, na kazi ya shahidi ni kusema alichokiona bila kuongeza wala kupunguza, hata kinapomuumiza. Tumeona umati ukishinda na vyama vikitapanya ushindi. Tumeona mitaa iliyopangika ikibaki imesimama hata nchi ilipoanguka. Tawi letu ni mtaa. Wanachama wetu ni fundi cherehani, mwendesha tuktuk, mama viazi, mwalimu mstaafu, mvuvi. Tunajuana kwa majina. Tukitaka, tunaweza kuwa na manufaa kuliko bendera elfu.

Mkutano ni Jumapili saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Walio na hoja ya kunipinga waje nayo, watapewa nafasi ya kwanza kuzungumza. Nimewaalika pia vijana wanne wa mtaa wasio wanachama, waje watuambie wenyewe wanachotaka na wasichotaka kutoka kwetu. Tuwasikilize bila kuwakata kauli.

Waliochanga pesa za tishati, mweka hazina anayo orodha. Asiyekubali pesa yake iingie mfuko wa pendekezo la pili atarudishiwa yote, bila kuulizwa swali.

Mungu atulindie watoto wetu.

Wenu,
*Katibu wa Tawi*

_Sambaza kwa wanachama wa tawi. Maswali yaletwe mkutanini au kwa simu ya ofisi._